Insha zetu na funzo la mwanahabari wa magari

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Methali hii aghalabu huhusishwa na mapenzi ya mume na mke. Leo naiazima ili nizungumzie mapenzi ya aina nyingine, mapenzi ya mtu kwa magari. Mtu mwenyewe ni Denis Jenkinson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 1996, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 aliliandikia jarida la Motor Sport habari za mashindano ya magari. Nimemchagua yeye, si mshairi wala mwandishi wa riwaya, kwa kuwa naamini kwamba maisha yake yana funzo kubwa kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, hasa wale wanaofundisha na kuandika insha.

Najua swali litakaloulizwa. Mwalimu wa isimu ana uhusiano gani na magari ya mbio? Kusema kweli mimi si dereva hodari, na gari langu likizima njiani nafungua boneti kwa ada tu, ili wapita njia wasinicheke. Lakini nina hoja kuhusu lugha. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea mambo ya ufundi. Mimi nasema kwamba maneno tunayo mengi kuliko tunavyodhani. Tunaokosa ni waandishi wanaokipenda kitu kiasi cha kukijua, na shule zinazomtuza mwanafunzi kwa kukijua kitu kabla ya kumtuza kwa kukipamba.

Nianze na kisa changu, maana mkosaji wa kwanza ni mimi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mbio za Safari Rally zilipita karibu na kwetu wakati wa Pasaka. Tulirauka alfajiri, watoto kwa wazee, tukajipanga juu ya ukingo wa barabara ya vumbi. Kando yangu alisimama jirani yetu aliyekuwa fundi wa magari, mtu ambaye kijiji kizima kilimwita Mzee Fundi. Gari la kwanza lilitokea, likapita, likatoweka. Tukabaki tukipangusa vumbi machoni na kushangilia. Mzee Fundi hakushangilia. Aliteremka barabarani, akachuchumaa penye kona, akaanza kuzisoma alama za magurudumu kama mtu asomaye barua. Hapa, akasema, dereva amekanyaga breki mapema kwa kuwa hakuiona kona vizuri. Hapa amerudisha gia. Hapa nyuma ya gari imeteleza kuelekea mtaroni, naye hakuukata usukani kwa pupa. Ameongeza mafuta, gari likajinyoosha. Halafu akatuonyesha mkwaruzo katikati ya barabara na kusema kwamba chuma kimegusa ardhi upande wa kushoto, kwa hivyo springi ya upande huo imechoka na haitafika mbali.

Shule zilipofunguliwa tuliambiwa tuandike insha kuhusu siku iliyotufurahisha wakati wa likizo. Niliandika kwamba magari yalipita kwa kasi ya umeme, yakinguruma mithili ya simba mwenye njaa, huku madereva wakiyaendesha kama watu waliopagawa. Nilihitimisha kwa kusema kwamba siku hiyo ingesalia katika kumbukumbu zangu hadi siku ya kiama. Mwalimu wangu alinipa alama 36 kati ya 40 na kuisoma insha yangu mbele ya darasa. Ya Mzee Fundi sikuyaandika hata sentensi moja. Haikunipitikia kwamba maneno yake yalikuwa Kiswahili kinachofaa kuandikwa. Miaka mingi baadaye nami nikawa mwalimu, nikawatuza wanafunzi wangu kwa umeme ule ule na simba yule yule.

Jenkinson nilimfahamu kwa bahati. Nilikuwa nikiandaa mhadhara kuhusu sajili, yaani lugha inavyotumiwa kulingana na kazi na muktadha, nikitafuta mfano wa watu wawili wanaolazimika kuelewana mahali ambapo sauti haisikiki. Mwenzangu mmoja akanielekeza kwenye makala ambayo Jenkinson aliyachapisha katika toleo la Juni 1955 la Motor Sport. Nilikusudia kudondoa mfano mmoja na kuyaweka kando. Nikajikuta nimeyasoma mara tatu, kisha nikaanza kutafuta habari za mtu aliyeyaandika.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Jenkinson alikuwa akisomea uhandisi jijini London. Dhamiri yake haikumruhusu kubeba silaha, hivyo akapewa kazi ya kiraia katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough. Huko alikutana na wapenzi wengine wa magari, akiwemo Bill Boddy, mhariri wa Motor Sport. Vita vilipokwisha alitamani kushindana, lakini mfuko wake haukumruhusu kununua gari la mbio. Akatafuta njia nyingine, akawa abiria katika mashindano ya pikipiki zenye kigari cha pembeni. Msomaji asidhani kwamba abiria huyo huketi tu na kutazama mandhari. Pikipiki inapoingia kona, yeye hulazimika kuuning'iniza mwili wake nje, mara upande huu mara upande ule, karibu agusane na lami, ili kigari kisipinduke. Mwaka 1949, mashindano ya ubingwa wa dunia ya aina hiyo yalipofanyika kwa mara ya kwanza, bingwa alikuwa Mwingereza Eric Oliver, na abiria wake alikuwa Jenkinson.

Baada ya hapo akashika kalamu kwa dhati. Kila msimu wa mashindano alizunguka Ulaya, nchi baada ya nchi, akiendesha gari lake mwenyewe, kwanza Porsche 356 na baadaye Jaguar E-Type. Msimu ukiisha alirejea Uingereza, kwenye nyumba ndogo ya mashambani huko Hampshire ambayo haikuwa imeunganishiwa nyaya za umeme, akaishi humo na vitabu, majarida na vipuri vyake. Alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu nyingi, asiyejali makuu. Makala yake aliyatia sahihi kwa herufi tatu tu: D.S.J.

Sasa turudi kwenye makala ya mwaka 1955. Yanahusu mashindano ya Mille Miglia huko Italia, jina linalomaanisha maili elfu moja. Hayakuwa mashindano ya uwanjani. Yalifanyika katika barabara za kawaida, kutoka mji wa Brescia ulio kaskazini, kufuata pwani ya mashariki hadi Pescara, kukata milima mpaka Roma, kisha kurejea kaskazini kupitia Florence na Bologna hadi Brescia. Ni kiasi cha kilomita 1,600, na zote zilikwenda kwa mkupuo mmoja. Ugumu wake ulikuwa wazi. Hakuna mgeni aliyeweza kuzikariri kona zote za njia hiyo, ilhali madereva wenyeji walizijua nyingi tangu ujana wao.

Jenkinson na dereva Mmarekani, John Fitch, walikuwa wamewaza dawa ya tatizo hilo. Maadamu barabara haikaririki, basi na iandikwe. Mwingereza mwenzake, Stirling Moss, alipomwomba aandamane naye katika gari la Mercedes-Benz 300 SLR, Fitch hakumwekea kinyongo, akamruhusu kwenda. Moss na Jenkinson wakaizunguka njia ile mara kadhaa kabla ya siku ya mashindano. Jenkinson aliandika kila kona yenye matata, kila mwinuko unaoficha kilicho mbele, kila mahali ambapo reli inakata barabara. Kisha akayanakili maandishi hayo kwenye ukanda wa karatasi wenye urefu wa zaidi ya mita 5, akauviringisha ndani ya kijisanduku cha alumini chenye kidirisha, ili aweze kuuzungusha na kuusoma huku gari likienda.

Gari lenyewe halikuwa na paa. Mngurumo wa injini na kishindo cha upepo havikuruhusu mazungumzo yoyote. Kwa hiyo walibuni ishara 15 za mkono. Kona walizigawa katika madaraja matatu: zenye ukorofi kidogo, zenye mashaka, na zenye hatari kubwa. Kila daraja lilikuwa na ishara yake.

Hapo ndipo nilipoiweka chini kalamu yangu ya kudondolea mifano. Sisi huwafundisha wanafunzi kwamba lugha ni mfumo wa ishara za nasibu ambazo jamii imeafikiana kuhusu maana yake. Hapa jamii ilikuwa ya watu wawili, na maafikiano yao yalijaribiwa katika kila kona. Katika mfumo wao hamkuwa na visawe wala ishara ya kujaziajazia. Ishara ya kona yenye mashaka haikuweza kukaribiana na ya kona yenye hatari kubwa, kwa kuwa aliyekosea maana angeilipa kwa uhai wake. Nimesoma vitabu vingi vya nadharia, na ni vichache vilivyonionyesha kwa uwazi kama huo kwa nini neno moja lazima litofautiane na jingine.

Waliondoka Brescia tarehe 1 Mei 1955, saa moja na dakika 22 asubuhi. Kwa saa za Kizungu hiyo ni 7:22, na ndiyo maana gari lao lilichorwa nambari 722 ubavuni. Walirejea Brescia baada ya saa 10, dakika 7 na sekunde 48, kwa wastani wa kilomita 157 kwa saa. Katika historia nzima ya mbio hizo hakuna aliyewahi kuzimaliza kwa kasi kubwa zaidi. Juan Manuel Fangio wa Argentina, aliyekuwa tayari ametwaa ubingwa wa dunia mara mbili, alishika nafasi ya pili akiendesha peke yake, nusu saa na zaidi nyuma yao.

Ushindi huo ulikuwa wa Moss, lakini makala ni ya Jenkinson, nayo yanastahili kutazamwa. Hajifichi wala hajikwezi. Anasimulia jinsi alivyotapika njiani, na jinsi upepo ulivyoipeperusha miwani yake alipoinama nje ya gari kufanya hivyo. Bahati nzuri alikuwa amebeba nyingine ya akiba. Anaeleza jinsi Moss alivyoivuka miinuko bila kuondoa mguu kwenye mafuta, ingawa macho yake hayakuona kilicho upande wa pili, kwa sababu tu karatasi ilisema kwamba barabara imenyooka. Mahali pamoja walifika juu ya mwinuko kwa kasi ya zaidi ya kilomita 270 kwa saa, magurudumu yakaacha ardhi. Mimi wa shule ya msingi ningeandika kwamba gari lilipaa kama tai. Jenkinson anaeleza kasi, anaeleza umbo la barabara, anaeleza gari lilivyotua. Msomaji anashika viti vyake mwenyewe bila kuagizwa aogope.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1958, alichapisha kitabu kiitwacho The Racing Driver. Humo alieleza kipimo cha juhudi ya dereva kwa sehemu za kumi. Anayeendesha kwa saba kwa kumi bado ana akiba, akikosea anaweza kujirekebisha. Anayeendesha kwa kumi kwa kumi ameimaliza akiba yote; akizidi hapo gari si lake tena. Tazameni, walimu wenzangu, kipimo hicho kinavyofanya kazi. Hakisemi gari linakwenda mbio kiasi gani. Kinasema dereva amebakiza nini. Ni tofauti ambayo mtazamaji wa kando ya barabara hawezi kuiona, nayo isingaliweza kutajwa na mtu asiyewahi kuutundika mwili wake nje ya pikipiki. Mpaka leo wapenzi wa magari wanaozungumza Kiingereza wanakitumia kipimo hicho.

Nisije nikaonekana namsifu mtu kupita kiasi. Mapenzi makubwa yana upofu wake, na Jenkinson alikuwa nao. Mbio alizozipenda ziliua. Mnamo Juni 1955, majuma machache tu baada ya ushindi wa Brescia, gari la aina ile ile ya 300 SLR lilirushwa katikati ya watazamaji huko Le Mans, Ufaransa, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mwaka 1957 gari la Alfonso de Portago liliacha barabara huko Guidizzolo, karibu na mwisho wa Mille Miglia. Alikufa yeye, akafa mwenzake waliyekuwa pamoja garini, wakafa na watazamaji 9, watano kati yao wakiwa watoto. Huo ukawa mwisho wa mbio hizo kwa sura ile. Hata hivyo, dereva Jackie Stewart alipoendesha kampeni ya usalama, akidai vizuizi bora na madaktari viwanjani, Jenkinson aliitumia kalamu yake kumpinga na kumdhihaki. Wakati umeonyesha kwamba Stewart ndiye aliyekuwa na haki. Kukijua kitu sana si kinga dhidi ya kukosa busara kukihusu. Lakini hata katika kosa lake, Jenkinson aliandika kwa uwazi kiasi kwamba wapinzani wake walijua hasa wanachokipinga. Mwandishi wa mapambo hapingiki, kwa kuwa hajasema lolote.

Sasa nirudi nyumbani. Nchi yetu si ngeni katika mambo ya magari. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta aliishinda mara tano. Mbio hizo zilitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikarejea mwaka 2021, na leo kila gari linaloshiriki hubeba msaidizi anayemsomea dereva maelezo ya barabara, kazi ambayo ni jamaa ya ule ukanda wa karatasi wa Jenkinson. Pamoja na historia yote hiyo, mimi binafsi sijasoma kwa Kiswahili makala hata moja kuhusu mbio hizo yenye uzito wa yale ya mwaka 1955.

Je, ni kwa sababu ya uhaba wa maneno? Hebu tutazame kandanda. Watangazaji wa redio kama vile Leonard Mambo Mbotela walituletea uwanja mzima sebuleni. Leo mtoto wa darasa la nne anajua mkwaju wa penalti, mlinda lango, kupiga chenga na kuotea. Maneno hayo yalikua vinywani mwa watu walioupenda mchezo na kuufuatilia kila wiki, na kamusi zikaja nyuma yao.

Ya magari nayo tunayo. Neno usukani lilikuwa la mabaharia kabla halijawa la madereva. Waswahili wa pwani walikuwa wakishika usukani wa vyombo vya baharini karne nyingi kabla ya motokaa ya kwanza. Neno gari lilitujia kutoka Bara Hindi. Breki, gia, klachi, plagi na rejeta zilitoka katika Kiingereza, zikavishwa kanzu ya Kiswahili na sasa ni wenyeji. Nenda kwenye gereji yoyote ya jua kali, usikilize. Gari hili linachemsha. Hili linakula oili. Lile linavuta kushoto. Klachi inateleza. Injini imenoki. Kila kauli ina maana yake mahususi. Fundi akikuambia kwamba gari linavuta kushoto hana maana kwamba usukani unatetemeka, na ukichanganya mawili hayo utabadilishiwa kifaa kisicho na kosa. Uhai wa abiria wa matatu unategemea kuelewana kwa dereva na fundi katika lugha hiyo, kama uhai wa Moss ulivyotegemea mkono wa Jenkinson.

Hiyo ndiyo sajili ya ufundi wa magari. Nasi shuleni tunaifundishaje? Mwanafunzi huulizwa ataje sifa za sajili fulani, naye hujibu kama asomaye sala: ina msamiati maalumu, ina kuchanganya ndimi, ina sentensi fupi. Hupata alama zake na kwenda nyumbani, pengine akipita mlangoni pa gereji bila kusimama.

Mwaka mmoja kabla sijayasoma makala ya Jenkinson, nilitumwa katika shule moja ya upili kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu. Siku hiyo alikuwa akirudisha insha zilizosahihishwa. Nikiwa nimeketi nyuma ya darasa, niliomba daftari la kijana aliyekuwa karibu nami. Alikuwa ameandika kuhusu siku aliyomsaidia baba yake kubadilisha klachi ya pikapu. Alieleza jinsi walivyoweka mawe nyuma ya magurudumu kabla ya kupiga jeki, kwa kuwa jeki haiaminiki. Alieleza uzito wa gia-boksi ilipomshukia baba yake kifuani, na jinsi alivyoijua sahani ya klachi kuwa imeungua kwa harufu yake kabla hajaiona. Sikuona umeme wala simba. Chini ya ukurasa, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika kwamba insha haina mvuto, na kwamba mwandishi atumie methali na tamathali za usemi. Alimpa alama 19 kati ya 40.

Nilimrudishia kijana daftari lake. Saa ilipokwisha nilimpongeza mwalimu yule kwa mpangilio mzuri wa somo, nikampa alama za juu, nikapanda gari langu nikaenda zangu. Kuhusu insha ile sikusema neno. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na mamlaka, nami nilinyamaza kwa kuwa mwalimu yule alikuwa amefanya kama nilivyomfundisha.

Kuna atakayesema kwamba nataka kuzifuta methali na tamathali katika insha. La hasha. Makala haya yenyewe nimeyafungua kwa methali. Ninachokumbusha ni kwamba aliyesema mara ya kwanza kuwa maji yakimwagika hayazoleki alikuwa ameyaona maji yakinywewa na mchanga. Aliyefananisha kitu na umeme kwa mara ya kwanza alikuwa ameusimamia umeme akashtuka. Sisi tunaorudia tumeona nini? Tamathali inayotokana na kuona ni mali ya mwandishi. Inayotokana na orodha iliyokaririwa ni nguo ya kuazima, na wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wapo pia watakaosema kwamba mtihani ndio unaotufunga. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini mtihani hutungwa na watu na husahihishwa na watu, na wengi wa watu hao wamepitia mikononi mwetu vyuoni. Kwa hivyo naanzia na nyumba yangu. Wanafunzi wangu wa ualimu sasa huenda sokoni, kinyozini, gerejini au bandarini kwa siku nzima kabla ya kuandika chochote kuhusu sajili, na siku hiyo hawaruhusiwi kubeba orodha ya sifa. Wahariri nao nawasihi: ukurasa wa magari wa Kiswahili hauhitaji kutafsiriwa kutoka Kiingereza. Mtafuteni mtu anayelipenda gari, mketisheni na mafundi, mwacheni aandike. Msahihishaji wa insha naye akikutana na sentensi inayomwonyesha kitu ambacho hajawahi kukiona, aitunuku, hata kama haikuvaa mapambo.

Jenkinson amekuwa kaburini tangu mwaka 1996, lakini yeyote anayetaka anaweza leo kusafiri naye kutoka Brescia hadi Roma na kurudi. Mzee Fundi naye ametutoka. Hakuacha ukanda wa karatasi. Jinsi alivyoisoma kona ile siku ya Pasaka ilibaki katika kichwa changu peke yake, na mimi, niliyefunzwa kusoma na kuandika kwa jasho la wazazi, nimengoja zaidi ya miaka 30 kabla ya kuyaandika hayo machache niliyoyakumbuka hapo juu. Mengine nimeyasahau.

Mwalimu mwenzangu, mtoto wa fundi yumo darasani mwako. Kabla hujamfundisha simba anavyonguruma, muulize injini inayokaribia kunoki inalia vipi.